Mia Moja ya Jina

Jumapili ya kwanza ya Juni 2018, Solomon Onchari alikataa kupokea bahasha.

Alikuwa ameipokea kila mwezi kwa miaka sita, mahali pale pale, kati ya gari lake na ukuta wa kanisa huko Brooklyn Center, Minnesota, na hakuwahi kuihesabu mbele ya mtu. Ilikuwa bahasha ya fungu la kumi, ambayo ndugu yake Nahashon aliichomoa nyuma ya kiti wakati wa mahubiri. Mbele ilikuwa na mstari wa kiasi na mstari wa jina la mtoaji. Nahashon hakuandika chochote kwenye mistari hiyo. Ndani alitia dola mia saba: mia sita za benki, mia moja ya jina.

Mia moja ya jina ilikuwa bei waliyokubaliana. Nyumba aliyoishi Nahashon na mkewe Kerubo na binti yao Moraa ilinunuliwa mwaka 2012 kwa dola elfu tisini na mbili. Dipoziti, elfu kumi na nane na mia nne, ilitoka mfukoni mwa Nahashon. Mkopo wa kiasi kilichobaki, na hati ya nyumba, vilichukuliwa kwa jina la Solomon, mtoto wa baba yake mdogo, kwa sababu Solomon alikuwa raia, na Nahashon na mkewe hawakuwa na kibali chochote cha kuishi nchini tangu viza zao za masomo zilipokwisha.

"Kaa nayo kwanza," Solomon alisema.

"Benki wamebadilisha tarehe?"

"Hapana. Kaa nayo tu. Mimi na Philister tutakuja kwenu saa kumi tuongee."

"Si useme sasa."

"Baba Moraa, hapa ni kanisani."

"Hapa ni kwenye maegesho."

Solomon alicheka, akaingia garini. Nahashon alirudisha bahasha kwenye koti na kuwaendesha mke na binti yake nyumbani kama alivyoendesha siku zote, maili moja chini ya kiwango na taa ya kugeukia ikiwashwa mapema. Leseni yake ilikwisha 2009, na jimbo la Minnesota halikumruhusu kupata nyingine.

"Amekataa pesa?" Kerubo aliuliza.

"Hakukataa. Amesema nikae nazo."

"Mtu akikwambia ukae na pesa zake, Baba Moraa, ujue anataka nyingine."

* * *

Philister, mke wa Solomon, aliingia kwanza. Alikuwa amehitimu unesi mwaka uliotangulia na sasa alifanya kazi katika hospitali moja ya Saint Paul. Alipita sebuleni bila kuketi, akafika jikoni, akapapasa vigae vya ukutani ambavyo Nahashon alivipachika mwenyewe kipupwe cha 2015.

"Mmeitunza vizuri," alisema. "Hii itauzika haraka."

Kerubo alikuwa akimimina chai. Alimaliza kikombe alichokuwa akijaza, akaweka chupa mezani.

"Nini itauzika?"

"Solomon, hujawaambia?"

"Ndiyo tumekuja kuwaambia," Solomon alisema. Aliketi ukingoni mwa kochi, magoti pamoja, kama mgeni. "Tumepata nyumba Apple Valley. Shule nzuri, karibu na kazi ya Philister. Tumeshasaini makubaliano. Sasa benki ikafungua faili yangu, ikakuta hii." Aligonga meza kwa kidole, kana kwamba nyumba ilikuwa ndani ya meza. "Wanasema nina nyumba tayari na nina deni tayari. Ukiondoa malipo ya deni hili kwenye mishahara yetu, haifiki wanapotaka."

"Waambie deni si lako," Nahashon alisema.

"Niwaambie niliwadanganya? Nilisaini kwamba nitaishi humu mimi mwenyewe. Hilo ni kosa la jela, ndugu yangu."

"Kwa hiyo mnataka tufanye nini?" Kerubo aliuliza.

"Njia ni mbili. Mnunue, mtoe jina langu. Au niuze."

"Tununue mara ya pili."

"Shemeji, usiliweke hivyo."

"Niliwekeje?"

Solomon alimwangalia mkewe. Philister alichukua kikombe chake, akapuliza.

"Mama Moraa, tuseme ukweli bila kukasirikiana. Mmeishi hapa kwa mia saba kwa mwezi. Unajua vyumba viwili vya kupanga hapo ng'ambo ya barabara ni ngapi? Elfu moja mia tatu na hamsini. Mmeokoa pesa nyingi kwa jina la mume wangu."

"Na jina tulililipia," Kerubo alisema. "Mia moja kila mwezi."

"Mia moja!" Philister alicheka kwa mshangao wa kweli. "Angekamatwa je, hiyo mia moja ingemtoa?"

Nahashon aliuliza bei. Solomon alisema ajenti alipita nje na gari wiki iliyotangulia, akatazama, akasema mia themanini na tisa.

"Elfu?"

"Elfu."

Moraa, aliyekuwa kwenye ngazi ya kushukia besimenti akisikiliza, alizungumza kwa Kiingereza, kama alivyojibu kila alichoambiwa kwa Kiswahili.

"Mimi ni raia. Nilizaliwa hapa. Andikeni jina langu."

Wakubwa wote wanne walicheka, kisha wakaacha karibu kwa pamoja.

"Una miaka kumi na mitatu," baba yake alisema.

"Imebaki mitano tu."

"Mimi nimepewa mpaka mwisho wa Agosti," Solomon alisema, akimtazama msichana yule kwa makini, kana kwamba ndiye aliyekuwa akijadiliana naye.

* * *

Nahashon alisafisha ofisi mjini pamoja na mtu mmoja kutoka Meksiko ambaye naye hakuwa na kibali. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka minne. Jumatatu ile, kwa mara ya kwanza, Nahashon alimwuliza anaishi wapi na amepangishwa na nani. Yule mtu alijibu kwamba hajapangishwa. Alinunua mwaka 2011, kwa nambari ya mlipa kodi, ile ambayo serikali humpa mtu yeyote anayetaka kulipa kodi, awe na viza au asiwe nayo. Nahashon na Kerubo walikuwa nayo pia. Walikuwa wamelipa kodi kwa nambari hiyo miaka tisa. Hakumwuliza mwenzake mapema kwa sababu kuuliza kungekuwa kujitaja.

Alhamisi walipanda mabasi mawili hadi mtaa wa Phillips, kwenye Sacco ndogo iliyokuwa kati ya duka la simu na kinyozi. Aliyewapokea aliitwa Vestine Uwimana. Alikuwa Mkongo wa Bukavu, alikuja kama mkimbizi mwaka 2011, na aliposikia majina yao aliacha Kiingereza.

"Nani aliwaambia haiwezekani?"

"Kila mtu," Nahashon alisema.

"Kila mutu hafanyi kazi hapa." Alivuta kibodi. "Sheria haikatazi. Banki kubwa zinaogopa tu. Siye tunatoaka. Ila asilimia makumi mbili munaweka nyie wenyewe, na riba iko juu kidogo. Muonyeshe papier."

Kerubo alitoa marejesho ya kodi ya miaka tisa, yamepangwa kwa mwaka katika faili ya plastiki. Vestine aliyapitia polepole.

"Hii iko muzuri sana. Wengine wananiletea za mwaka moja, na madoa ya chai juu yake. Sasa, malipo ya nyumba. Miezi kumi na mbili ya nyuma. Mulikuwa munalipa namna gani? Cheki?"

"Pesa taslimu," Nahashon alisema.

"Reçu? Risiti iko?"

"Ni ndugu yangu."

Vestine aliweka kalamu chini.

"Papa, miye ninaelewa. Hata miye nikiomba ndugu yangu reçu atakasirika mpaka Krismasi. Lakini siwezi kuandika 'ndugu' mu dossier. Muniletee basi facture za umeme, za gazi, za maji."

Bili zote zilikuwa na jina la Solomon, hata ile ya kuzoa taka. Ilibidi ziwe hivyo, kwa kuwa Solomon ndiye aliyetakiwa kuonekana anaishi mle. Kerubo alieleza hayo kwa sentensi moja.

"Kwa hiyo mumekaa mule miaka sita kama watu hawako."

"Ndiyo."

"Na dépôt? Kwa bei ya sasa ni elfu makumi tatu na saba na mia munane."

Walikuwa na elfu kumi na moja, akiba ya chama, na nyingi zilikuwa noti zilizokaa kwa mweka hazina wa chama huko Brooklyn Park. Vestine alisema noti hizo zingepaswa kulala kwenye akaunti miezi miwili, na bado wangetakiwa kuandika zilitoka wapi. Akawashauri walipe mwaka mmoja kwa cheki, kwa majina yao, kisha warudi.

"Tuna mpaka mwisho wa Agosti," Nahashon alisema.

Kerubo aliegemea mbele.

"Mwaka 2012 nyumba ilikuwa elfu tisini na mbili. Tulikuwa na elfu kumi na nane na mia nne mkononi. Tungekuja hapa siku hiyo?"

Vestine alipiga hesabu, akaipiga tena.

"Ni asilimia makumi mbili. Kamili. Haizidi, haipunguki."

"Mngetupa?"

"Tungewapa."

"Na hiyo riba ya juu ingekuwa ngapi zaidi kwa mwezi? Zaidi ya aliyopewa raia."

Hesabu hii ilichukua muda mrefu zaidi. Vestine aligeuza kioo cha kompyuta ili waone wenyewe.

"Dola tisini na ine."

Kerubo alimwangalia mumewe. Nahashon alikuwa akisoma tangazo la mkopo wa magari lililobandikwa ukutani, na aliendelea kulisoma mpaka Vestine alipowarudishia faili.

* * *

Kikao kilifanyika Jumapili ya pili ya Julai, katika sebule hiyo hiyo iliyokuwa ikibishaniwa. Walikuja wanaume sita wa ukoo, Solomon akiwamo, wengine kutoka mbali kama Rochester. Mwenyekiti alikuwa Mzee Nyambane, aliyewahi kuwa mwalimu mkuu Nyamira na sasa alikuwa mlinzi wa usiku katika ghala. Kerubo alikopa viti vinne kwa jirani. Alipomaliza kugawa chai hakurudi jikoni. Alivuta kigoda akaketi nyuma ya mumewe, na Mzee Nyambane akaamua kutoliona hilo.

Solomon alisema ukweli wake, na kila sehemu yake ilikuwa kweli. Aliweka jina lake hatarini. Hakuchelewesha benki hata mwezi mmoja, hata miezi mitatu ile ya 2014 Nahashon alipougua mgongo na bahasha ikaja pungufu. Hakupandisha ile mia. Sasa ana watoto watatu katika vyumba viwili, na nafasi imetokea.

"Sijamfukuza ndugu yangu," alimaliza. "Nimemwambia anunue. Kama benki haimtaki, mimi ndiye benki?"

"Nilinunua," Nahashon alisema. "Dipoziti ilikuwa yangu. Kila mwezi ulikuwa wangu. Nilijenga besimenti kwa mikono yangu, sakafu, kuta, choo."

"Ushahidi upo?" Mzee Nyambane aliuliza, kwa sauti aliyotumia zamani kuuliza daftari za kazi ya nyumbani.

Kerubo aliingia chumbani akarudi na kopo la biskuti. Alikuwa ameweka humo kila risiti ya mbao, saruji, mabomba na rangi tangu siku ya kwanza. Mzee Nyambane alitoa ya juu, akaisogeza karibu na macho, akaigeuza. Akampa jirani yake. Ikapita kutoka mkono hadi mkono. Zilikuwa risiti za mashine, na wino wake ulikuwa umefifia katika joto la besimenti mpaka ukaisha. Walitoa nyingine, na nyingine. Katika karatasi zaidi ya mia moja, tano au sita zilisomeka. Moja ilikuwa ya soda na mkate.

"Hii ya mkate inaonekana vizuri," alisema kijana mmoja dereva wa teksi, na wawili wakacheka.

"Sisemi hakujenga," Solomon alisema haraka. "Alijenga. Nilimwona. Sihitaji risiti kwa ndugu yangu."

"Basi kwa ndugu yako unahitaji nini?" Kerubo aliuliza.

"Mama, subiri kidogo," alisema Mzee Nyambane. "Wanaume hawajamaliza."

"Hata mkijenga ikulu humo chini," kijana wa teksi aliendelea, "swali ni moja. Benki itampaje mkopo wa miaka thelathini mtu ambaye kesho anaweza kupandishwa ndege? Mimi ningekuwa benki nisingempa. Nisamehe, Baba Moraa. Nasema tu."

"Nimekuwa mtu wa kesho kwa miaka kumi na minne," Kerubo alisema. "Na nyumba haipandi ndege. Nikiondoka inabaki, benki inaichukua. Hiyo benki inapoteza nini?"

Kijana alichukua andazi.

Walikwenda nje kushauriana kwenye nyasi, watano bila wahusika, kwa dakika ishirini. Waliporudi Mzee Nyambane alitoa uamuzi akiwa amesimama. Nyumba iuzwe. Solomon amrudishie Nahashon dipoziti yote, na kwa ajili ya besimenti aongeze hadi itimie elfu ishirini na tano. Atoe elfu tano siku ya kusaini, na zilizobaki elfu moja kila mwezi. Hakuna karatasi itakayoandikwa, kwa sababu karatasi ya deni ingeweza kuharibu mkopo wa Apple Valley, na hapo wote wawili wangebaki bila nyumba.

"Kuna swali?"

"Lipo," Kerubo alisema. "Nyumba ikiuzwa mia themanini na tisa, utoe deni la benki elfu sitini na nne na nusu, utoe elfu kumi na mbili za ajenti na gharama, inabaki elfu mia moja kumi na mbili na nusu. Sisi ishirini na tano. Zile themanini na saba na nusu ni za nini?"

Wanaume walikuwa wakipiga hesabu.

"Ni za bei kupanda," Solomon alisema mwishowe. "Bei ilipanda kwenye jina langu, shemeji."

"Ingeshuka je? Ungesema imeshuka kwenye jina lako?"

"Mama Moraa," Mzee Nyambane alisema, si kwa ukali, "mtu anayekupa elfu ishirini na tano bila kulazimishwa na sheria, usimpige. Kuna wengi hapa mjini wasingekupa hata nauli."

Wote walikubali kwamba hilo ni kweli. Kikao kilifungwa kwa sala.

* * *

Kerubo hakukubali mara moja. Alipiga simu ya msaada wa sheria wa bure, kutoka nyumbani kwa mgonjwa aliyekuwa akimtunza huko Robbinsdale, bibi kizee akiwa amelala kitini. Mwanasheria alisikiliza mpaka mwisho. Alisema katika jimbo hili, mtu akitoa pesa na hati ikaandikwa jina la mwingine, sheria haichukulii kwamba nyumba ni ya mtoa pesa. Huenda kuna njia nyingine, za kudai gharama, lakini zingehitaji ushahidi, na zingehitaji wote waeleze mahakamani waliiambia benki nini. Aliuliza kama yupo tayari kwa hilo. Kerubo alimwuliza mumewe jioni, wakila.

"Mahakamani watataka anwani," Nahashon alisema.

"Anwani wanayo. Tunalipa kodi kila mwaka."

"Sitaki kusimama mbele ya jaji niulizwe mimi ni nani."

Hawakulizungumza tena.

Nyumba ilipata mnunuzi kwa siku nne, kwa elfu mia moja tisini na moja. Ajenti alikuwa amemwomba Kerubo aondoe picha za familia ukutani ili wanunuzi waweze kujiona humo, na kila gari la mtu lilipofika kutazama, wao watatu waliketi ndani ya gari lao katika maegesho ya duka la vyakula mpaka watumiwe ujumbe kwamba wanaweza kurudi.

Jumatano ya katikati ya Agosti waliitwa kwenye ofisi ya kampuni ya hati. Wakiwa bado nje, Solomon alimpa Nahashon bahasha tano za kanisa zenye elfu moja moja. Hazikuwa na upungufu. Ndani, mwanamke mwenye mhuri aliwapa kiti, maji, na karatasi ya ukurasa mmoja. Alieleza kwamba ni jambo la kawaida: nyumba inapouzwa na watu wengine wanaishi humo, wanaapa kwamba wao ni wapangaji na hawadai haki yoyote katika nyumba hiyo. Aliomba vitambulisho. Walitoa pasi za Kenya, ambazo walizifanya upya maofisa wa ubalozi walipozuru Minneapolis. Aliandika majina yao herufi kwa herufi, akauliza kama ameyapatia. Alikuwa ameyapatia.

Nahashon alisaini bila kusoma. Kerubo alisoma. Ilisemwa kwamba wanalipa kodi ya dola mia saba kila mwezi, kwamba hawajawahi kuwa na malimbikizo, na kwamba waliingia tarehe kumi na nne Juni 2014.

"Ni 2012," alisema kwa Kiswahili.

"Shemeji," Solomon alisema chini chini, akimtabasamia mwanamke mwenye mhuri, "miaka ya kwanza niliiambia benki naishi humo mwenyewe. Lazima ilingane."

"Kwa hiyo miaka miwili hiyo tulikuwa wapi?"

"Saini tu, tafadhali. Watu wanasubiri."

Mwanamke aliuliza kama kuna tatizo. Kerubo alisoma ukurasa tena, kutoka juu. Miezi hamsini ya malipo bila deni, jina lake kamili, jina la mumewe, saini ya mwenye nyumba, mhuri. Hiyo ndiyo karatasi aliyoitaka Vestine. Ilikuwa karatasi ya kwanza iliyotaja majina yao pamoja na anwani ya nyumba ile, na ilisema nyumba si yao.

Alisaini.

"Naomba nakala," alimwambia mwenye mhuri kwa Kiingereza. "Mbili."

* * *

Walihamia vyumba viwili ng'ambo ya barabara, kwa elfu moja mia tatu na hamsini, pesa walizolipa kwa cheki. Moraa alipata dirisha lililotazama nyumba ya zamani. Wenye nyumba wapya walibomoa vigae vya jikoni wiki ya pili na kuvirundika kando ya pipa.

Vestine aliikubali nakala. Kwenye simu alisema malipo sasa yanaonekana, na wakirudi mwakani na dipoziti yao, atafungua faili. Kwa elfu ishirini na tano wangepata nyumba ya elfu mia moja na ishirini na tano, kama ingepatikana, na hapakuwa na nyingi. Lakini pesa zenyewe zingepaswa kuingia benki zikiwa na chanzo kinachoonekana. "Ndugu yenu aandike cheki," alisema. "Kila mwezi cheki. Bila hivyo, miye sitaona kitu."

Septemba Solomon hakuja kanisani, alikuwa akihama. Jumapili ya kwanza ya Oktoba alikuja peke yake, akawakuta kati ya gari na ukuta. Alimnyooshea Nahashon bahasha. Kerubo aliweka mkono wake mbele ya mkono wa mumewe.

"Andika cheki, shemeji."

"Cheki ya nini? Pesa hizi hapa."

"Sacco wanataka kuona zimetoka kwa nani."

Solomon alitazama upande wa mlango wa kanisa, ambako Mzee Nyambane alikuwa akisalimiana na mchungaji.

"Mama Moraa, nimesaini Apple Valley kwamba sina deni lingine. Hata dola moja. Sasa nikuandikie cheki ya kila mwezi, jina langu hapa, jina lako pale? Wakiuliza?"

"Waambie unamlipa ndugu yako."

"Unajua siwezi."

"Basi ni kama sinazo. Zikija hivi si dipoziti. Ni za kula tu."

"Kuleni basi," Solomon alisema, na hakukusudia ubaya. Aliweka bahasha juu ya boneti ya gari lao, kwa kuwa hakuna aliyeipokea, akaenda kwenye gari lake. Alikuwa na safari ndefu hadi ng'ambo ya mto.

Nahashon alisubiri mpaka gari lilipoingia barabarani. Kisha akamwangalia mkewe. Kodi ya nyumba ya Oktoba ilikuwa haijalipwa, na siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa.

Kerubo aliichukua bahasha akaifungua pale pale, mbele ya waumini waliokuwa wakipita na watoto wao, akazihesabu noti moja moja juu ya boneti, bila haraka. Walikubaliana elfu moja. Zilikuwa mia nne. Alizirudisha ndani, akageuza bahasha kutazama mbele yake. Mstari wa kiasi ulikuwa mtupu, na mstari wa jina la mtoaji ulikuwa mtupu.